Mguu Unauma, Kisa Kiko Kiunoni

Hotuba kwa wabeba mizigo, waanika dagaa na waendesha bodaboda wa mwaloni, Mwanza. Imeandikwa upya kutoka kwenye karatasi za mzungumzaji, pamoja na maswali aliyoulizwa papo hapo.

Mwangaluka! Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Mwenyekiti, ahsante kwa kunipa saa hii kabla mizigo haijaanza kushuka. Najua kila dakika mnayonisikiliza ni hela inayopita, kwa hiyo sitazunguka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitalini mnatuita watu wa mazoezi, na mkitukasirikia mnatuita wale wanaotesa watu. Yote sawa.

Tuanze na mikono. Nani hapa mgongo umemuuma ndani ya mwaka huu? Naona karibu wote, mpaka mwenyekiti. Shusheni. Sasa nani maumivu yake yanatoka kiunoni au kwenye kalio, yanashuka mguuni, yanapita goti mpaka chini kwenye unyayo au vidole? Mikono imepungua. Nahesabu tisa, kumi na yule mama aliyekaa kwenye ndoo. Basi hao kumi hawaumwi kitu kimoja na ninyi wengine, ingawa wote mkifika kwa daktari mnasema maneno yaleyale mawili: mgongo na miguu. Akiwauliza zaidi mnasema, "Panauma tu, daktari." Naye ana foleni mpaka nje, anaandika dawa ya maumivu, mnaondoka.

Leo sikuleta dawa. Nataka mtoke hapa mkijua kuyaeleza maumivu yenu: yanaanzia wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi, na yanakuja ukifanya nini. Kwenye mgongo kipimo cha kwanza ni mdomo wa mgonjwa, na hakilipiwi.

Huku kwetu kiuno kina majina mengi. Mwanaume ataambiwa ana ngiri. Mwanamke ataambiwa ni chango. Wengine watasema figo, halafu wanaposhika hapo wanaposema ni figo, mkono uko kwenye mkanda wa suruali, wakati figo ziko juu zaidi, zimejificha nyuma ya mbavu za mwisho. Wapo wanaosema ni baridi imeingia kwenye mifupa, na wapo wanaosema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Siwacheki. Bibi yangu alinifunga kamba kiunoni kwa ajili ya ngiri nikiwa mtoto wa shule, na nilipona, sijui kwa kamba au kwa kukua. Ubaya wa ngiri ni kwamba inabeba kila kitu: kiuno, kinena, tumbo, mpaka mambo ya chumbani. Ukishaambiwa ni ngiri, hakuna anayekuuliza tena maumivu yanapita wapi.

Sasa tuingie ndani ya mgongo. Pingili zinazocheza ni 24: shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5. Chini ya hapo zipo nyingine zilizoungana zikawa mfupa mmoja, huo unaoukalia. Katikati ya pingili na pingili kuna diski. Mnaobeba vitunguu mtanielewa haraka. Chukua kitunguu, kikate kwa upana. Yale maganda yanayozungukana, ganda juu ya ganda, ndiyo ukuta wa diski. Toa kiini, weka mlenda. Hiyo ndiyo diski yako. Mtu akiwa kijana mlenda huo una maji mengi. Umri ukienda unakauka na diski inapungua kimo, ndiyo maana mzee hufupika kidogo. Hilo si ugonjwa, ni kama mvi, isipokuwa mvi zinaonekana na hizi ziko ndani.

Siku ukuta wa diski unapochanika, mlenda hupenya kwenye ufa. Mara nyingi unatokea nyuma, pembeni kidogo, na kwa bahati mbaya hapo ndipo mzizi wa mshipa wa fahamu unapopita. Ute ule hubana mzizi, na pia huuwasha, ukavimba. Mtaani mnasema diski imehama, au imeteleza. Diski haina pa kuhamia, imeshikamana na pingili ya juu na ya chini. Kilichotoka ni ute. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona waliolipa hela nzuri ili diski irudishwe mahali pake kwa kuvutwa miguu na wanaume wawili, au kwa kumwita mtoto wa jirani aje atembee mgongoni. Mtoto kutembea mgongoni kunastarehesha, sikatai, baba yangu alikuwa akinipandisha kila Jumapili. Ila kwa mtu mwenye ganzi mguuni, acheni kabisa.

Mzizi huo hauko peke yake. Mizizi miwili ya chini kiunoni na mitatu ya mfupa ule wa chini hukutana ndani ya nyonga, ikasokotana kama nyuzi za kamba ya nanga. Mshipa wa fahamu unaopatikana hapo ni mnene kuliko mingine yote mwilini, unene wa kidole. Unatoka nyuma ya nyonga, unapita chini ya nyama ya kalio, unashuka nyuma ya paja, na karibu na goti unagawanyika: tawi moja linaingia kwenye kigimbi mpaka unyayoni, jingine linazunguka upande wa nje wa goti na kushuka na ugoko mpaka upande wa juu wa unyayo. Maumivu yanayofuata njia hiyo ndiyo yanaitwa sayatika. Angalieni vizuri hapo. Sayatika ni jina la njia ya maumivu, kama homa ilivyo jina la joto. Ukiambiwa una sayatika, una haki ya kuuliza: imesababishwa na nini?

Kijana wa fulana nyekundu, njoo mbele, utanisaidia. Vua ndala. Onyesha na kidole maumivu yakikushika yanapita wapi. Mnaona? Hajasema "panauma tu". Ameanzia kwenye kalio, akapita pembeni ya paja, pembeni ya ugoko, akaishia kidole gumba cha mguu. Mtu anayeonyesha hivyo, mzizi unaonung'unika mara nyingi ni ule wa mwisho wa kiuno. Angepita nyuma kabisa, kwenye kigimbi, kisigino na kidole kidogo, ningefikiria mzizi wa chini yake. Angeshuka mbele ya goti na ndani ya ugoko, ningepanda juu ngazi moja. Diski mbili za chini kabisa ndizo zinazochanika mara nyingi kuliko nyingine zote kiunoni, kwa sababu ndizo zinazobeba kila kitu kilicho juu yake, na gunia juu yake tena.

Tembea kwa visigino, vidole juu. Vizuri. Sasa chuchumia, tembea kwa ncha za vidole. Anayeshindwa la kwanza, mguu unabamiza chini kama kandambili iliyokatika, mara nyingi ni ule mzizi wa mwisho wa kiuno unaoumia. Anayeshindwa kuchuchumia, wa chini yake. Ahsante, kaa. Mambo haya mnaweza kujipima nyumbani, na mkikuta mguu mmoja umedhoofika msingoje.

Kuna kipimo kingine. Mgonjwa analala chali, unamnyanyua mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakiruka kutoka kiunoni mpaka chini ya goti kabla mguu haujafika juu sana, mzizi umebanwa. Daktari Mserbia, Laza Lazarević, alikiandika kipimo hiki mwaka 1880. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa Mfaransa Charles Lasègue naye akakiandika, na vitabu vingi vikampa sifa mwalimu wake. Lazarević alikuwa pia mtunzi wa hadithi fupi, na mimi naamini mtu anayejua kusikiliza hadithi ndiye anayegundua vitu kama hivi. Huko nyuma zaidi, mwaka 1764, Domenico Cotugno wa Napoli alikuwa ameshatenganisha maumivu ya mshipa na maumivu ya kiungo cha nyonga, kwa kuwasikiliza wagonjwa na kuwashika tu. Lakini diski iliyochanika kutajwa waziwazi kuwa chanzo kulingoja mpaka 1934, pale William Mixter na Joseph Barr, madaktari wa Boston, walipoonyesha kwamba vile vijinyama vilivyokuwa vikiitwa uvimbe wa gegedu vilikuwa ni ute wa diski. Hesabuni, ni miaka 170.

Sasa yale yanayofanana na sayatika na si sayatika. Mzee mmoja alikuja kwangu akasema, "Mwanangu, nikitembea kutoka nyumbani mpaka kanisani nasimama mara tatu, miguu yote inakuwa mizito na inachoma. Nikiinama kidogo au nikikaa kwenye jiwe, inaisha. Lakini baiskeli naendesha mpaka Kisesa na kurudi, siumwi." Watu wake walidhani anadanganya, kwamba hataki kwenda kanisani. Hakudanganya. Uwazi wa katikati ya pingili, mnamopita mishipa ya fahamu, huwa mwembamba kwa wazee wengine kwa sababu mifupa imeota na diski zimeshuka. Ukisimama wima uwazi unabana, ukiinama unapanuka. Kwenye baiskeli umeinama. Maelezo yake ya baiskeli yalinitosha kuliko picha.

Mwingine naye husimama njiani, lakini yeye hahitaji kuinama wala kukaa, akisimama tu dakika chache kigimbi kinapoa. Huyo mara nyingi ni mvutaji sigara au mwenye kisukari, na shida yake ni mishipa ya damu iliyoziba. Ukimpa mazoezi ya mgongo unampotezea muda.

Mwingine anasema nyonga, anashika kinena, na hawezi kukunja mguu akaosha vidole. Tazama kiungo cha nyonga. Mwingine nyayo zote mbili zinawaka moto usiku mpaka anazitoa nje ya shuka, apime sukari. Mwingine anachomwa upande mmoja siku mbili tatu, halafu vinatokea vipele vya maji vilivyojipanga: ni mkanda wa jeshi. Na vijana wa bodaboda, wale mnaokaza mkanda kama mnafunga mzigo, ganzi ya mbele na pembeni ya paja inayoishia juu ya goti mara nyingi ni mshipa uliobanwa pale kwenye mkanda. Legeza mkanda.

Kuna moja sipendi kuipita haraka, nayo ni sindano ya makalio. Mshipa ule mnene unapita hapo, ndani ya nyama. Sindano ikichomwa katikati au chini, inaweza kuuchoma, au dawa ikamwagika juu yake. Nimewaona watoto walioingia kwenye zahanati na homa wakatoka wanaburuta mguu. Anayechomwa vibaya husikia papo hapo kama shoti ya umeme mpaka unyayoni. Ukichomwa sindano ya kalio, mahali pake ni robo ya juu, upande wa nje. Kwa mtoto mdogo paja la pembeni ni salama zaidi. Na homa ambayo dawa ya kumeza inaiweza, kwa nini kuchoma? Sindano tumeipa heshima kubwa kuliko kazi yake.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana nilitaka kuja hapa hasa kwa ajili ya hili.

Wiki moja niliwapokea wanaume wawili, umri unakaribiana, wote wabeba mizigo, wote "mgongo na miguu". Wa kwanza alikuwa na sayatika ya diski kama niliyowaeleza. Wa pili alikuwa ameshachomwa sindano za maumivu kwa miezi minne, sehemu tofauti. Nilipomuuliza yanamjia akifanya nini, akanijibu, "Hata nisipofanya kitu." Nikamuuliza usiku je? Akasema usiku ndiyo zaidi, na shuka anaiamkia imelowa jasho. Suruali alikuwa ameifunga kwa kamba kwa sababu amepungua. Nikamwambia avue shati. Katikati ya mgongo, pingili moja ilikuwa imechomoza kama kifundo. Hiyo ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, na mwenye TB ya mfupa anaweza asikohoe hata mara moja. Inakula pingili mbili zinazopakana na diski ya katikati, mgongo unapinda, na ikiachwa miguu inapooza. Dawa za TB nchini hutolewa bure, ila humezwa miezi mingi bila kukatisha. Alipona, anatembea. Kifundo kimebaki.

Kwa hiyo maumivu ya mgongo yakija na homa, na jasho la usiku, na kukonda, na hayatulii hata umelala, hiyo si kazi ya gunia. Semeni hivyo hivyo mbele ya daktari.

Wapo kati yenu wenye ng'ombe, au mnaokunywa maziwa mabichi yanayoletwa asubuhi. Brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, unaingia kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu. Kwa binadamu unaleta homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, viungo kuuma, na unapenda sana kukaa kiunoni na kwenye maungio ya nyonga. Wengi hutibiwa malaria mara tatu, mara nne. Mwambie daktari, "Nakunywa maziwa mabichi." Sentensi hiyo moja inaweza kukuokolea miezi.

Na sisi wa Ziwa Victoria tuna kichocho. Mnakijua cha tumbo na cha damu kwenye haja. Mayai ya mnyoo huyo mara chache hupotea njia yakaenda kwenye uti wa mgongo, chini, karibu na kiuno. Kijana aliyekuwa mzima anaanza na maumivu ya kiuno na miguu, na ndani ya siku au wiki chache miguu inalegea na mkojo unagoma. Ni nadra, lakini sisi tunaoshinda majini lazima tuijue, kwa sababu inatibika ikiwahiwa.

Wazee wa kiume: kiuno kilichoanza kuuma baada ya miaka 50 na hakijawahi, kinauma usiku, na mkojo unatoka kwa kudondoka, pimeni tezi dume. Saratani yake hupenda kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Wenye watoto wa selimundu, mgongo wa mtoto huyo ukiuma msidhani ni michezo.

Dharura ya yote ni hii. Chini ya mgongo mishipa ya fahamu inaning'inia kama mkia wa farasi. Diski kubwa ikiubana mkia wote, mtu hupata ganzi sehemu zile zinazogusa siti ya baiskeli: katikati ya mapaja, sehemu za siri, njia ya haja. Mkojo unakataa kutoka au unatoka bila yeye kujua. Choo nacho. Miguu yote miwili inalegea. Mtu wa namna hiyo hangoji Jumatatu, hakandwi maji ya moto. Anapelekwa siku hiyo hiyo hospitali kubwa yenye upasuaji, na mkifika mlangoni msiseme mgongo na miguu. Semeni, "Amekufa ganzi sehemu za siri na mkojo umegoma." Mnaona aibu, najua. Semeni hivyo hivyo.

Tumetoka kwenye ya kutisha. Kati yenu wote mlionyoosha mikono mwanzo, wengi sana hamna hata moja kati ya hayo. Mna mgongo uliochoka, misuli na maungio, na unapoa wenyewe. Na ninyi kumi wa sayatika, wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12. Mwili unautambua ule ute uliotoka kama kitu kigeni na kuula polepole, na vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo mara nyingi hupungua zaidi. Nilipojifunza hilo chuoni sikuliamini.

Mtu ataniuliza, je, nipige picha? Eksirei haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu, inaonyesha mifupa. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaonyesha, ila inaonyesha mno. Mwaka 1994 jarida la tiba la New England, Marekani, lilichapisha utafiti wa watu 98 wasioumwa mgongo kabisa waliopigwa MRI. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski angalau moja iliyovimba, na 27 katika kila 100 walikuwa na diski iliyochomoza. Hawaumwi! Kwa hiyo picha yenye diski iliyochomoza upande wa kulia, kwa mtu anayeumwa mguu wa kushoto, haielezi kitu. Nimemwona mama aliyeuza kiwanja akapiga picha, akaniletea bahasha kama hati ya hukumu, "Diski zangu zimeisha." Alikuwa na miaka 61 na diski za miaka 61. MRI ni nzuri pale mguu unapodhoofika, pale dalili za hatari zipo, au pale upasuaji unapofikiriwa.

Kulala je? Zamani sisi wenyewe tuliwalaza watu kwenye ubao wiki mbili. Waholanzi walilipima hilo, wakachapisha mwaka 1999: wagonjwa 183 wa sayatika, nusu walilazwa kitandani wiki mbili, nusu waliendelea na maisha kadiri walivyoweza. Waliolala hawakupona haraka zaidi. Siku mbili za kujinyoosha sawa, halafu inuka, tembea kidogo kidogo, hata kama ni kutoka hapa mpaka kwenye mizani. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, mara nyingi ni habari njema. Yakishuka chini zaidi, punguza ulichokuwa unafanya.

Kukandwa maji ya moto, kuchuliwa taratibu, ruksa. Diklofenaki inasaidia siku chache, baada ya chakula, lakini si ya kumeza kama karanga mwezi mzima: inatoboa tumbo, inapandisha presha, inaumiza figo, na baadaye mtasema kumbe kweli ni figo. Zile dawa za unga na vidonge visivyo na jina, "dawa ya mgongo na miguu", mkimeza leo kesho mnaruka, ogopeni. Nimewaona watumiaji wake wakija na uso uliojaa kama mwezi na sukari imepanda. Hivyo ndivyo inavyofanya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na nahisi ndiyo iliyofichwa humo.

Na upasuaji? Waholanzi tena, 2007, walifuatilia watu 283 waliokuwa na sayatika kali kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka. Mwaka ulipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa sawa, ingawa kwa waliopangiwa kungoja, karibu 4 katika kila 10 walishindwa kuvumilia wakapasuliwa baadaye. Kwa hiyo kwa wengi upasuaji hununua muda. Kwa mtu ambaye watoto wanakula anachobeba leo, muda una bei, na sitamlaumu anayeuchagua.

Swali la kwanza lilitoka kwa mbebaji mmoja: "Mtaalamu, umesema yote, lakini gunia hujalisema. Tubebeje?"

Kaka yangu, ningeweza kukuambia piga magoti, shika mzigo karibu na tumbo, usijipinde ukiwa umebeba, geuka na miguu. Vyote ni kweli na mnavijua kuliko mimi, mimi sijawahi kupanda ubao wa boti na gunia kichwani. Lakini kwa lumbesa hakuna ufundi unaotosha. Gunia la kilo 100 likiongezwa kilemba na kushonewa kamba juu, wewe hulipwi kilemba, mgongo wako ndio unaokilipia. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa kwa ajili ya mkulima anayepunjwa. Mimi naipiga vita kwa ajili ya diski zako mbili za chini. Mwenyekiti, hilo ni la kikao chenu, si la hospitali. Na toroli mlilonionyesha limelala pale bila gurudumu lingefanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu.

Mama wa kwenye ndoo akauliza: "Mimi nainama kwenye dagaa tangu alfajiri. Niache?"

Hapana mama, usiache kazi. Anika juu ya kichanja kilichofika kiunoni, na dagaa watakuwa safi zaidi. Ukikosa kichanja, kila ukimaliza turubai moja simama, shika kiuno, jinyooshe nyuma mara kumi, tembea kidogo. Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Na ulisema unapata ganzi kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, sivyo? Hiyo nataka kuiona leo.

Na wenzake tisa. Nimetandika mkeka nyuma ya mizani. Njooni mmoja mmoja, vueni viatu, na kabla sijawagusa nitawauliza yanapita wapi.